Wanatuhesabu au wanatutambua? Maswali yenu kuhusu simu zinazosikilizwa njiani

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu vile vidude vinavyohesabu watu kwa kusikiliza simu zao mifukoni, nikaendelea zangu na habari za betri, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimejaa. Nimechukua chache tu maana nyingi zinafanana, na wale walioniuliza bei ya kioo cha simu naomba wasubiri, leo sio siku yenu.

Shikamoo fundi. Jumamosi nilikuwa kwenye jengo moja la maduka hapa Dar, mlangoni wamebandika kikaratasi chini ya kile cha kukataza silaha, kinasema eneo hili linahesabu wateja kwa ishara za simu na ishara hizo hazina majina. Nikamuuliza mlinzi maana yake, akanambia dada hata mimi nakiona tu. Sasa hazina majina ndo nini? Mimi sikuunganisha simu yangu na kitu chochote. Msomaji wa Tabata

Marahaba dada. Huyo mlinzi mheshimu, kakujibu ukweli, wangapi wangejifanya wanajua.

Iko hivi. Simu yako ikiwa na waifai imewashwa hainyamazi hata kama hujaunganisha popote, kila baada ya muda inapiga hodi: hodi, kuna waifai hapa? Inasogea hatua mbili tatu, hodi tena. Na kila hodi inabeba namba ya ile redio ndogo iliyoko ndani ya simu, tarakimu na herufi 12, wataalamu wanaiita anwani ya MAC, nusu ya kwanza inaonyesha kampuni gani imetengeneza na nusu ya pili ni ya simu hiyo tu. Yeyote mwenye kipokezi karibu anaisikia, haibi kitu, haingii kwenye simu, anasikiliza tu kama wewe unavyosikia jirani anavyoongea upande wa pili wa ukuta.

Kwa hiyo kikaratasi hakidanganyi, jina halimo. Ila fikiria mtu anayebisha hodi nyumbani kwako bila kujitaja. Siku ya kwanza humjui, ya pili unasema mbona hii sauti kama ya yule, akija kila Jumamosi saa nne kwa mwezi mzima utamjua hata usimuone sura, utajua anakuja na nani na anakaa muda gani, na siku asipokuja utashangaa. Jina halipo lakini sauti ipo, na kwenye hii biashara ya kuhesabu watu sauti ndo mali.

London walionja hiyo mwaka 2013. Kampuni inaitwa Renew ilikuwa na mapipa ya taka yenye skrini za matangazo mitaani kule City, eneo la mabenki katikati ya London, ikafunga vipokezi kwenye mapipa 12 kwa majaribio, watu wanapita na chai zao asubuhi pipa linasikiliza simu. Wazo lilikuwa pipa likujue wewe ni yule wa jana ili likuonyeshe tangazo la kukufaa. Watu walipokuja kujua Agosti ile walipandwa na hasira, halmashauri ya City ikawaambia wazime, wakazima. Na utetezi wao ulikuwa hicho hicho kikaratasi chako, kwamba hatukusanyi majina.

Baada ya pale watengeneza simu wenyewe wakaamka. Apple walianza 2014 kufanya simu ibishe hodi kwa sauti ya kuigiza, na mfumo wa simu wa Android 10 mwaka 2019 pamoja na ule wa iPhone, iOS 14, mwaka 2020 zikaleta anwani ya kubuni hata ukiunganisha waifai. Unaweza kuangalia mwenyewe sasa hivi: ingia kwenye mipangilio, fungua waifai uliyounganisha, tafuta anwani ya MAC halafu tazama herufi au tarakimu ya PILI toka mwanzo. Ikiwa ni 2, 6, A au E, hiyo ni ya kubuni. Ya kwangu inaanza na 5E, nikatulia. Ya mama mkwe simu ya zamani inaanza na 84, na hiyo ndo sauti yake halisi kila anapokwenda, sokoni, kanisani, hospitali.

Usishangilie mapema lakini. Anwani ya kubuni kwenye simu nyingi inabaki ile ile kwa mtandao ule ule, yaani ukiunganisha waifai ya bure ya jengo lile leo, ukirudi wiki ijayo ukaunganisha tena wanakuona ni yule yule. Halafu ile waifai ya bure kwanza inakuomba nini? Namba ya simu, ikutumie namba ya siri ya kuingilia. Na namba ya simu hapa kwetu umeisajili kwa alama za vidole. Hapo "haina majina" imeshaisha dada yangu, umewapa jina wewe mwenyewe kwa ajili ya kuangalia stetasi za watu.

Kwa hiyo kikaratasi kile kimeacha mambo muhimu: nani anahesabu, je anaunganisha hesabu hiyo na waifai ya bure, na anakaa nazo siku ngapi. Rudi uwaulize kwa maandishi, ofisini, usimsumbue mlinzi.

Assalaam aleikum. Niko London mwaka wa sita. Stesheni za treni za chini ya ardhi kuna matangazo kwamba TfL, mamlaka ya usafiri ya hapa, wanakusanya data ya waifai kujua watu wanavyotembea. Wenzangu wanasema ni wapelelezi, mimi naona ni mambo ya msongamano tu. Nani yuko sawa? Mama wawili, East Ham

Wa alaykum salaam. Wewe uko sawa zaidi, wenzako nao hawajakosea kabisa, ngoja nieleze.

Shida yao ilikuwa ya kweli. Kadi yako ya nauli, Oyster, inasema umeingia wapi na umetokea wapi, haisemi umepita wapi katikati, na kule chini njia ziko kibao. Mwishoni mwa 2016 wakafanya jaribio la wiki nne kwenye stesheni 54, wakapata rekodi milioni 509 kutoka simu na kompyuta milioni 5.6, safari kama milioni 42. Wakagundua watu wanaotoka King's Cross kwenda Waterloo wanatumia njia 18 tofauti, KUMI NA NANE, wakati ramani inakuonyesha mbili tatu za maana. Hiyo ni elimu, ukijua hivyo unajua ngazi gani ya kupanua na treni gani inazidiwa. Julai 2019 wakaufanya mfumo uwe wa kudumu kwenye stesheni zaidi ya 260.

Walichofanya vizuri: walibandika matangazo wazi kabla, walisema ukizima waifai hatukuoni, walisema hawaangalii unaperuzi nini, waliongea na ofisi ya kamishna wa taarifa wa Uingereza, na anwani ya simu hawaichambui kama ilivyo, wanaibadilisha kwanza. Linganisha na yale mapipa ya taka, mji ule ule, kifaa karibu kile kile, miaka mitatu tu tofauti. Teknolojia haikubadilika sana, kilichobadilika ni namna ya kuwaambia watu.

Sasa wenzako wanapokuwa na hoja. Kubadilisha anwani kuwa namba nyingine sio kuifuta. Ikiwa ile namba mpya inabaki moja kwa siku nzima basi kuna mstari mmoja unachorwa, umetoka East Ham saa kumi na mbili na nusu, umebadilisha treni pale, umetokea kazini, Ijumaa mchana umeonekana stesheni ya karibu na msikiti, jioni shule ya watoto. Ni wangapi London nzima wana mstari huo? Wewe peke yako. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Yves-Alexandre de Montjoye walichukua rekodi za simu za watu milioni moja na nusu, miezi 15, majina yametolewa yote, wakaona nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote kwa asilimia 95. Nukta nne! Mwenye wivu nyumbani anazo nukta kumi.

Kwa hiyo wasikuambie tu "tumeondoa majina". Waambie watupe hesabu za makundi, wangapi wamepita hapa saa hii, na ule mstari wa mtu mmoja mmoja waukate mapema.

Niaje fundi. Niko na duka la viatu Mombasa na lingine dogo mtaani. Kuna jamaa amekuja kuniuzia hii kitu ya kuhesabu customers kwa simu zao, anasema ni anonymous kabisa kwa sababu namba zinakuwa "hashed" na hata yeye hawezi kuzirudisha. Nikinunua naweza pata shida? Bei si mbaya. Mwenye Duka

Poa ndugu. Nianze na swali la kizamani: unataka kujua nini hasa? Kama unataka kujua watu wangapi wanaingia, kuna vile vidude vya mwale mlangoni, mtu akikata mwale kinaongeza moja, basi, hakijui simu hakijui sura na pengine ni bei rahisi kuliko hicho. Mwenye duka la jumla mmoja hapa kwetu anamweka kijana mlangoni na kile kibofyo cha kuhesabia abiria, tik tik tik, jioni anasoma. Simu za watu zinahitajika tu pale unapotaka kujua kitu zaidi ya idadi, na hapo ndo shida inapoanzia.

Sasa hiyo habari ya namba kuwa "hashed", mimi naiita kusagwa. Mimi naielezaga kwa mashine ya unga. Ukisaga mahindi unapata unga, na unga haurudi kuwa mahindi, hapo jamaa yako yuko sahihi. Ila mashine hii ina tabia moja ya ajabu, punje ile ile inatoa unga ule ule kila mara, sawasawa bila tofauti. Kwa hiyo mtu akitaka kujua unga huu ni wa punje gani hahitaji kuurudisha, anachukua punje ZOTE zilizopo duniani anazisaga moja moja mpaka apate unga unaofanana. Kama punje ni chache kompyuta inamaliza kabla chai haijapoa.

Na imeshatokea. Mwaka 2014 rekodi za teksi za New York zilitoka hadharani, safari milioni 173, namba za teksi na za leseni za madereva zimesagwa ili wasijulikane. Ila namba za teksi kule zina mpangilio wake maalum kwa hiyo zinazowezekana si nyingi, mtaalamu mmoja wa kompyuta akazisaga zote akalinganisha, ndani ya saa chache akawa amezifungua. Baadae watu wakachukua picha za mastaa wakipanda teksi, namba inaonekana kwenye picha, wakajua nani kashuka wapi na kalipa ngapi. Anwani za simu ni nyingi kuliko namba za teksi ndio, lakini nusu ya kwanza ni ya kampuni inayojulikana, kwa hiyo usimwamini mtu anayesema haiwezekani.

Dawa yake inaitwa chumvi, sitanii, ndo jina lake. Kabla ya kusaga unachanganya ile namba na tarakimu za siri za kubahatisha, hapo unga unatoka tofauti kabisa na asiyeijua chumvi yako hawezi kulinganisha. Sisi Waswahili kutia chumvi ni uongo ila hapa ndo unataka jamaa atie chumvi sana. Na cha muhimu kuliko chumvi yenyewe ni kuibadilisha kila siku na ile ya jana kuitupa, kuitupa kweli, sio kuihifadhi kwenye faili "kwa ajili ya bakap". Chumvi ikibaki mwaka mzima basi simu ya mteja wako ina jina jipya la mwaka mzima, umembatiza tu.

Kwa hiyo jamaa akija tena usimuulize maneno ya kiufundi, atakuzidi. Muulize hivi: mteja aliyekuja Jumatatu akarudi Alhamisi, mashine yako inaona ni mtu mmoja au wawili? Akikujibu kwa furaha "mmoja bosi, tena utaona wateja wako waaminifu ni wangapi", hiyo sio mashine ya kuhesabu. Hiyo inatambua. Unaweza kuamua bado unaitaka lakini jua umenunua nini.

Muulize pia data inakaa wapi. Mara nyingi haikai dukani kwako, inakwenda kwenye seva yao pamoja na ya maduka mengine yote waliyowauzia, na hapo ndo wana utajiri ambao wewe huna, wanaweza kuona simu iliyotoka kwako ikaingia famasi ikaingia kliniki. Wewe ulitaka kujua idadi ya viatu vya kuagiza. Andika kwenye mkataba kwamba hawaruhusiwi kuunganisha, na uandike siku ya kufuta. Na lile duka dogo la mtaani mimi nisingeweka kabisa, saa tatu usiku ripoti itasema wamepita watu watatu na watu watatu ni wewe, kijana wako na mama wa mahamri mlango wa pili, hapo hakuna siri, namba ikiwa ndogo hivyo wenye mifumo mizuri hawaionyeshi, wanaandika "chini ya kumi" tu.

Kisheria Kenya mnayo sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na ofisi ya kamishna wa data. Kifungu cha 31 kinasema shughuli inayoweza kuhatarisha haki za watu ifanyiwe kwanza tathmini ya athari, na ripoti ipelekwe kwa kamishna siku 60 kabla ya kuanza. Usione ni karatasi tu, Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema utoaji wa kadi za Huduma, vile vitambulisho vipya vya serikali, haukuwa halali kwa sababu tathmini hiyo hiyo haikufanywa, na ile ilikuwa serikali. Faini ya ofisi ile inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Kwa duka la viatu asilimia moja bado inauma.

Fundi nikizima waifai natosha? Jibu fupi tu. Mwanachuo, Dodoma

Hapana. iPhone ukizima kwa kile kitufe cha kuvuta toka juu inakata muunganisho tu mpaka kesho, kuizima kweli ingia kwenye mipangilio. Android kuna sehemu ya kuskani waifai na Bluetooth imefichwa kwenye mipangilio ya mahali, inaendelea kuskani hata waifai ikiwa imezimwa, izime na yenyewe. Na Bluetooth badilisha jina la simu. Juzi kwenye mwendokasi toka Kimara kwenda Kivukoni nilifungua Bluetooth nikaona simu za abiria zimejipanga kwenye kioo changu, moja imeandikwa jina kamili la mtu na cheo chake, nyingine "usinisumbue nalala", na nyingine jina la mwanamke na la mwanaume limeungwa kwa kopa. Hapo hahitajiki mtaalamu wa kusaga chochote.

Kaka, mimi nina swali la upande mwingine. Mwaka jana niliporwa begi stendi. Kama vidude hivi vingekuwepo na vimehifadhi simu zilizokuwa karibu, polisi si wangempata mwizi? Mbona nyie watu wa faragha mnatetea wezi? Mfanyabiashara, Mwanza

Pole sana kaka, na swali lako sio la kubeza, ndo swali gumu kuliko yote hapa leo.

Ngoja nikupe kisa cha San Diego, Marekani. Mwishoni mwa 2016 baraza la jiji lilipitisha taa za barabarani za kisasa, zaidi ya 3,000 zenye vihisio na kamera, mradi wa dola milioni 30, sababu iliyotolewa ilikuwa umeme kidogo na kuhesabu magari na wapita njia. Kuhesabu. Kuanzia 2018 polisi wakaanza kuchukua picha zake kwenye upelelezi, wakati wananchi na hata baadhi ya madiwani walidhani wamenunua taa. Kesi nyingine zilikuwa nzito za mauaji, sikatai. Ila hapakuwa na kanuni ya jiji iliyopitishwa mbele ya watu kusema nani aombe, kwa kosa gani, nani aandike kwenye daftari. Mambo yakachemka na Septemba 2020 meya akaamuru kamera zizimwe. Unaona hasara yake, jiji likapoteza vyote viwili, ule upelelezi na zile hesabu za magari walizozitaka mwanzo.

Singapore nao. Wakati wa korona walikuwa na TraceTogether, simu zinasalimiana kwa Bluetooth ili ukiugua wajulikane uliokaa nao, na serikali ikawaambia watu ni kwa ajili ya kufuatilia maambukizi tu. Januari 2021 bungeni ikasemwa kumbe sheria ya makosa ya jinai inawapa polisi ruhusa ya kuichukua, na imeshatumika kwenye kesi ya mauaji. Watu walikasirika na hawakuwa wanatetea muuaji, walikasirika kwa sababu waliambiwa kitu kingine wakati wa kupakua. Februari wakapitisha sheria kubana matumizi kwa aina saba za makosa mazito tu. Ningependa sheria ile ingetangulia, lakini angalau waliirekebisha mchana kweupe.

Kuna waliochagua njia nyingine. Mfumo wa Apple na Google wa 2020 kwa kazi ile ile, simu ilikuwa inatoa namba za kubahatisha zinazobadilika kila baada ya dakika 10 hadi 20, na orodha ya uliokutana nao inabaki kwenye simu yako mwenyewe, hakuna ghala katikati. Polisi angekwenda na hati ya mahakama asingekuta kitu cha kuchukua. Maofisa wa afya wa nchi kadhaa walilalamika kwamba wanakosa taarifa muhimu, na kweli walikosa.

Kwa hiyo jibu langu kwako: kama stendi inataka kukamata wezi, iweke kamera, iseme hizi ni kamera za usalama, na iwe na kanuni zake, nani anaangalia na zinafutwa lini. Lakini kidude kilichoingia kwa mlango wa "tunahesabu abiria tujue mabasi mangapi yanahitajika" kisigeuzwe usiku kuwa mpelelezi. Halafu fikiria na hii, siku ile ya begi lako karibu na wewe palikuwa na simu mia mbili, mwizi pengine aliacha yake nyumbani, na muuza karanga anayekaa pale kila siku ndo angekuwa wa kwanza kwenye orodha.

Unazidisha bana fundi. Serikali iko na vidole vyangu, kampuni ya simu inajua niko wapi kila dakika, pesa zangu za simu zinajua nimekula wapi. Leo niogope pipa la taka? Hiyo meli ilishang'oa nanga. Mkaaji wa Nairobi

Hii nimeipenda, na nusu yake nakubali. Ukiniuliza nani anakujua zaidi nitakwambia kampuni ya simu, hakuna ubishi.

Ila kampuni ya simu ina leseni, ina anwani, ina mdhibiti juu yake, ukiwa na malalamiko unajua mlango wa kugonga hata kama watakuzungusha. Pipa halina mlango. Ndio maana mimi vita yangu sio kwamba tusihesabiwe. Sisi Tanzania tumehesabiwa Agosti 2022, karani amekuja nyumbani, ameuliza majina yetu wote, umri, choo cha aina gani, mbuzi wangapi, na tumejibu. Tulijibu kwa sababu tulijua ni nani anauliza, sheria ya takwimu inamfunga mdomo karani, na kilichotoka mwisho ni jumla, watu 61,741,120, hakuna mahali pameandikwa fundi ana mbuzi wawili. Ile sensa ilikuwa na majina na bado ilikuwa na adabu kuliko vihisio vingi visivyo na majina.

Na adabu hiyo haiji yenyewe. Toronto kulikuwa na mradi wa mtaa wa kisasa wa Sidewalk Labs, vihisio kila kona. Walimwajiri Ann Cavoukian, kamishna wa zamani wa faragha wa Ontario, awashauri, yeye akataka kitu kimoja, utambulisho wa mtu uondolewe pale pale kwenye kihisio kabla data haijaenda popote. Walipomwambia hawawezi kuwahakikishia kwamba makampuni mengine yatakayoshiriki yatafanya hivyo, akajiuzulu Oktoba 2018. Mradi wenyewe ulikufa Mei 2020. Na Oktoba mwaka huo huo makamishna wa faragha wa Kanada wakatoa ripoti kuhusu maduka makubwa ya Cadillac Fairview, vile vibanda vya ramani ya kukuonyesha duka liko wapi vilikuwa na kamera ndani zinazokisia umri na jinsia ya mtu, picha milioni 5. Kampuni ikasema hatumtambui mtu, na wateja walitaarifiwa kwenye stika mlangoni. Makamishna wakasema stika ile haitoshi, nani anategemea kibanda cha ramani kimtazame usoni?

Ibara ya 31 ya katiba yenu inalinda faragha na haisemi "isipokuwa kama wengine wameshaingilia". Lakini sawa, tukikutana Nairobi nitakununulia chai tubishane vizuri, na simu tuache kwenye gari.

Yule dada wa Tabata katuma tena jana wakati naandika haya. Amekwenda ofisini kwa wenye jengo, meneja mpole kabisa amemwambia mfumo umewekwa na wataalamu na "data iko salama nje ya nchi". Nimemwambia aombe hiyo sentensi kwa maandishi, na barua yake iulize vitu vitatu tu: kampuni inaitwaje, chumvi inabadilishwa lini, na je kusafirisha hiyo data nje kumefuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023. Wakikaa kimya malalamiko yanapelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kaniuliza neno chumvi aliandike hivyo hivyo au meneja atamcheka. Nimemwambia andika hivyo hivyo dada, kama wataalamu wao ni wataalamu kweli wataelewa.